Kusema Mapema Si Kuchongea: Somo kwa Vikundi vya Usafi



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia havifugi kuku na kusuka vikapu peke yake. Vingine vimechukua kandarasi ya kufagia soko, kuosha vyoo vya shule au kupiga deki zahanati. Ni kazi halali na inaleta pesa. Lakini ina hatari zake, na wengi wetu huichukulia kama kufagia ua wa nyumbani. Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kufanya kazi hii kwa umoja, na hasa namna ya kutoa habari jambo linapoharibika. Katibu asome hadithi kwa sauti, halafu tuzungumze pamoja.

HADITHI: KIDOLE KILICHOFUNGWA KITAMBAA

Kikundi kimoja cha kina mama tulichokuwa tukikitembelea kilipata kazi ya kusafisha kituo cha afya. Walikuwa kumi na wawili, wakifanya kazi kwa zamu. Jumatatu moja saa moja asubuhi, mama mmoja aliinua mfuko mweusi wa takataka katika chumba cha kufungia vidonda. Akahisi kitu kimemdunga kidole gumba. Ilikuwa sindano.

Hakumwambia mtu. Alikimwagia kidole Jik, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea na deki. Jumanne alirudi kazini kama kawaida.

Jumatano saa kumi jioni kikundi kilikutana kuweka akiba, nasi tulikuwapo. Mwenzake aliyekaa karibu naye akamwuliza, "Dada, hicho kidole kimefanya nini?"

"Ni kisu tu, nilikuwa nakata sukuma."

"Na mbona unakificha chini ya leso?"

Mama akanyamaza. Kisha machozi yakaanza kutoka, akaeleza yote.

Muuguzi alikuwa ametufundisha kwamba dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kudungwa zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Tukahesabu. Saa 57 zilikuwa zimekwisha, zikabaki 15. Katibu alifunga daftari, mkutano ukaishia hapo, tukampeleka mama kituoni jioni ile ile. Akapimwa, akaanza dawa, akazimeza siku 28 bila kuruka hata moja. Vipimo vya baadaye vilionyesha yuko salama. Lakini siku hizo zote mama huyo hakupata usingizi, wala sisi.

KWA NINI ALINYAMAZA?

Wiki iliyofuata tulikaa na kikundi, tukauliza swali hilo bila kumlaumu mtu. Majibu yalikuwa matatu.

Kwanza, aliogopa maneno ya watu. Angeonekana akipewa dawa zile, kijiji kizima kingesema ana ugonjwa. Pili, aliogopa kandarasi ingenyang'anywa, na wenzake wote wangekosa pesa kwa sababu yake. Tatu, katiba ya kikundi ilisema kwamba mwanachama akiharibu kitu au akileta hasara kwa uzembe atalipa faini ya shilingi 200. Alifikiri kudungwa kwake kungehesabiwa uzembe.

Hapo tuliona haya. Kifungu hicho cha faini, sisi wenyewe tulikuwa tumesaidia kukiandika. Tulikuwa tukifikiria ndoo zinazovunjwa na watu wanaochelewa. Hatukufikiria sindano. Kumbe faini tuliyoiweka ili watu wawe waangalifu ilikuwa imewafunga midomo.

Kisha mama mwingine akainua mkono. "Hata mimi nilidungwa, mwezi uliopita." Na wa tatu, "Hata mimi." Watu watatu, chumba kimoja, mfuko ule ule mweusi, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Hawa wawili nao tuliwapeleka wakapimwe.

Kama wa kwanza angesema, huyu wa tatu hangedungwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika kazi ya pamoja ni zaidi ya hivyo: anayeficha hatari humwachia mwenzake.

HABARI MOJA ILIPOTOLEWA, KASORO IKAONEKANA

Mwenyekiti alikwenda kwa muuguzi msimamizi, si kugombana, ila kumweleza: watu watatu, mahali pamoja. Mfuko mweusi ni wa takataka za kawaida. Ule wa manjano ni wa vitu vyenye uambukizo, kama pamba na bendeji zenye damu. Sindano haziingii katika mfuko wowote; zina kisanduku chao kigumu. Basi sindano ilifikaje katika mfuko mweusi?

Walipoingia chumbani wakaona. Kisanduku kilikuwa nyuma ya mlango, mbali na kitanda, tena kimejaa hadi mdomoni. Anayetibu akiwa na haraka alitupa sindano palipo karibu. Kisanduku kikasogezwa kando ya kitanda, na ikakubaliwa kifungwe na kubadilishwa kikijaa robo tatu. Hakuna aliyefukuzwa. Faini ya shilingi 200 haingesogeza kisanduku hicho hata hatua moja.

MAMBO YA KUFANYA KWA PAMOJA

1. Tuanze na tumalize kwa kuongea. Kabla ya kazi, dakika tano: nani yuko wapi leo, glavu na gambuti zipo, nani hajisikii vizuri? Wa zamu inayoondoka amwambie wa zamu inayoingia, "Bomba la choo cha pili linavuja, sakafu inateleza."

2. Dawa zichanganywe na watu wawili. Mmoja asome kibandiko, mwingine apime. Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Zikikutana hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Jik huchanganywa na maji peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa isiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto au hata mwenzako anaweza kuinywa.

3. Mfuko usikumbatiwe wala usishindiliwe kwa mkono. Ushikwe shingoni, ubebwe mbali na mwili.

4. Ukidungwa, osha mahali hapo mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie Jik wala spiriti. Mwambie mwenzako na muuguzi papo hapo, usingoje zamu iishe. Uliza pia juu ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni vizuri kila mwanachama anayesafisha kituo cha afya awe ameipata kabla ya kuanza kazi.

5. Chupuchupu nayo isemwe. Umeteleza lakini hukuanguka, ngazi imeyumba lakini umeshika dirisha: usicheke tu na kupita. Leo umeponea chupuchupu, kesho mwenzako hataponea.

DAFTARI LA MATUKIO

Kikundi kile kilinunua daftari moja la kawaida na biro, vikafungwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Asiyejua kuandika humwambia mwenzake amwandikie. Maswali ni matano: Lini? Wapi? Nini kimetokea? Tumefanya nini? Nini kifanywe kisitokee tena? Mfano:

"Jumanne saa tatu asubuhi. Choo cha wanaume. Nimemwaga Jik mahali palipokuwa na dawa nyingine, nikaanza kukohoa. Nimetoka nje, tukafungua milango, nikamwambia mwenyekiti. Kabla ya kumwaga dawa, maji yatangulie."

Mnaona hakuna neno "uzembe" wala "kosa la fulani". Andikeni kilichotokea, msiandike hukumu. Na mambo ya ugonjwa wa mtu, kama vipimo na dawa, hayaingii katika daftari hili. Ni siri yake na daktari wake. Kila Ijumaa mwenyekiti asome yaliyoandikwa na aseme lililofanywa. Watu wakiona wanaandika na hakuna kinachobadilika, wataacha kuandika.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwambie msimamizi wake hatari anayoiona. Tena inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia jambo la hatari. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nayo ya 2007, inataka mwajiri apewe habari ya ajali kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye anatakiwa kuifikisha kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini kabla ya siku 7 kwisha. Kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi kandarasi, ulizeni: mwajiri ni nani, kituo au kikundi? Mtu akiumia, nani atalipa matibabu? Jibu liandikwe. Na daftari lenu litunzwe vizuri, maana siku ya kudai haki ndilo shahidi.

FAINI ILIGEUZWAJE?

Kikundi hakikufuta faini. Walibishana karibu saa mbili. Mweka hazina aliogopa kwamba bila faini watu watavunja vitu ovyo. Mwishowe walikubaliana hivi: anayesema siku hiyo hiyo halipi kitu, hata kama kosa ni lake. Anayeficha ndiye atakayelipa. Miezi mitatu baadaye tulilikuta daftari likiwa na kurasa nne zilizojaa. Mwanzoni tulishtuka, tukadhani mambo yameharibika. Kumbe ni yale yale ya zamani. Sasa tu yalikuwa yanasemwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, mtu akiharibu au akiumia, neno la kwanza analolisikia ni lipi: "Pole" au "Ni nani amefanya hivyo?"

2. Je, katiba yetu ina kifungu kinachowafanya watu wafiche mambo? Kisomwe leo.

3. Ni hatari gani sote tunaijua mahali petu pa kazi, lakini hakuna aliyemwambia mwenye mahali?

4. Tutaweka daftari wapi, na nani atalisoma kila wiki?

Msiondoke kabla ya kuchagua jambo moja la kufanya wiki hii na mtu wa kulisimamia. Yule mama wa kidole bado yuko katika kazi hiyo. Kila mwanachama mpya anapoingia, ndiye anayemwonyesha lilipo daftari.