Kumkumbuka Kijana Mpenda Safari: Anzia Mwaloni

Kijana akifariki huku kwetu Rusimbi, Kigoma, wenzake ndio wanaochimba kaburi, wanaobeba jeneza na kufunga turubai. Siku ya tatu wanarudi kwenye mitumbwi na bodaboda zao, na hakuna aliyewauliza lolote. Nami naona hapo ndipo tunapompoteza mara ya pili. Mzee wa miaka 80 maisha yake yamejaa ukoo mzima: wanawe, wajukuu, shamba, kesi alizosuluhisha. Kijana wa miaka 24 mwenye mguu mwepesi maisha yake yako nje ya nyumba. Mama anajua alichopenda kula, lakini hajui ni nani aliyemkaribisha chakula Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ukitaka kumkumbuka kijana wako, toka nje ukamtafute.

Fanya kazi hii kabla ya arobaini, watu wakiwa bado wanamzungumzia. Kama alivua dagaa, usiwafuate wenzake usiku wa giza, maana hapo ndipo taa zinapovuta samaki na hakuna mwenye nafasi. Subiri mbalamwezi. Siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika, wanashona nyavu na kutengeneza injini. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, kaa nao, saidia kushika wavu, kisha uliza.

Na swali lenyewe lina namna yake. Ukiuliza "alikuwa mtu wa aina gani?" utajibiwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu, maneno yanayosemwa kwenye kila msiba. Uliza tukio. "Siku ile upepo ulipowakuta, nani alishika injini? Yeye alisema nini? Mlilala wapi?" Mtu akianza kucheka katikati ya jibu, nyamaza umwache aendelee. Akichanganya Kiha, Kibembe au Kilingala, maneno yake yaandike hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakiongea naye. Andika pia jina la msimuliaji, mahali na tarehe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na nchi nne zinalizunguka, kwa hiyo "alikwenda ng'ambo" haitoshi. Ni Uvira, Bujumbura au Mpulungu? Kama aliwahi kupanda meli ya Liemba kuelekea kusini, alishuka bandari gani, na kwa nani?

Chanzo kimoja watu wanakipita bila kukiona: madeni. Mazikoni hutangazwa kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia. Baba mdogo anayepokea watu hao awe na daftari. Aliyemkopesha mafuta ya injini anajua alikuwa anakwenda wapi. Anayedaiwa elfu ishirini huenda akakueleza kwamba alipewa usiku, mtoto akiwa na homa, na hakuwahi kukumbushwa. Ukarimu wa mtu unaonekana hapo kuliko kwenye hotuba yoyote.

Simu yake itunzwe mapema. Usikisie namba ya siri mara nyingi, kwani baadhi ya simu hujifunga, na nyingine hujifuta kabisa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Ila sauti alizowatumia wenzake bado ziko kwenye simu zao. Waombe wakutumie leo, kabla simu hizo hazijaibwa au kuuzwa. Mambo ya fedha zilizomo kwenye simu ya marehemu yaache kwa msimamizi wa mirathi.

Yuko kijana mmoja ambaye habari zake zinafaa kujulikana na kila familia yenye msiba kama huu. Dan Eldon alikulia Nairobi. Mwaka 1990 aliwakusanya vijana wenzake wakaendesha magari hadi Malawi kuwapelekea msaada wakimbizi wa Msumbiji. Tarehe 12 Julai 1993, akiwa mpiga picha wa Reuters mwenye miaka 22, aliuawa Mogadishu na umati wenye hasira baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba. Aliacha madaftari 17 ya picha na michoro. Mama yake, Kathy, akatoa kitabu kutokana na madaftari hayo mwaka 1997. Dada yake, Amy, akafunga safari kuwasikiliza waandishi wa habari za vita, ili aielewe kazi iliyomchukua kaka yake. Siku ile ile waliuawa pia Hansi Krauss, Hos Maina na Anthony Macharia. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, na majina yao hutajwa mara chache mno ukilinganisha na la Eldon. Siamini kwamba walipendwa kidogo. Karatasi zilizobaki, na uwezo wa kuzichapisha, ndivyo vilivyoleta tofauti, na hilo linaniuma.

Basi nunua kaunta buku yenye jalada gumu. Picha za kijana wako zisafishwe studio, nyuma yake andika kwa penseli majina ya wote waliomo, si lake peke yake. Wapo wazee wasiopenda picha ya marehemu itundikwe ukutani. Waheshimu, ihifadhi kwenye sanduku la bati mbali na mchwa na unyevu. Kama ameacha mjane aliye edani, shangazi na dada ndio wakae naye, naye aseme akitaka. Ukaidi wa marehemu usiufute, mradi usimwanike kwa aibu: kijana aliyevuka ziwa bila kuaga ndiye huyo huyo mnayemlilia, na bila ukaidi ule safari zake hazieleweki.

Siku ya arobaini, dua ikiisha, mpe mmoja wa wenzake asome kurasa chache kwa sauti. Wasikilizaji watamsahihisha, watabishana juu ya mwezi na jina la mtumbwi. Acha kurasa tupu kwa ajili hiyo, na uandike papo hapo. Halafu toa nakala mbili stationari: moja ibaki kwa mama yake, nyingine ipeleke mwaloni kwa nahodha wake.