Somo: Mberoshi wa Milimani na Majirani Zake



Katika milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani na Kanada, msitu haukomi ghafla kama ukuta. Kadiri mtu apandavyo, miti hufupika, na hatimaye hubaki mafungu yaliyotengwa na nyasi na mawe. Huko ndiko uotako mberoshi uitwao Abies lasiocarpa. Theluji hulemea matawi yake ya chini hata yakagusa udongo, nayo hutoa mizizi. Hivyo fungu zima huweza kutokana na mti mmoja.

Lakini penye upepo mkali mche wake mara nyingi huota kwa hifadhi ya msonobari wa gome jeupe uliotangulia. Msonobari huo nao haujipandi: ndege mmoja wa jamii ya kunguru huvunja koni zake, akafukia mbegu ziwe akiba, na zile asizorudia huota. Mahali theluji ikawiapo kuyeyuka huota Luzula hitchcockii, mmea ufananao na nyasi. Bwana misitu akiuona hujua kwamba majira ya kukua hapo ni mafupi mno.

Ujirani huo sasa umo mashakani. Ugonjwa wa kutu ya misonobari, ulioingia Vancouver mwaka 1910 pamoja na miche kutoka Ulaya, umeua misonobari mingi, na Desemba 2022 Marekani iliuandikisha mti huo miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Pasipo misonobari, miberoshi michanga hukosa kinga, na theluji iliyokuwa ikitunzwa kivulini huyeyuka mapema. Nao wakulima wa mabondeni huyangojea maji yake wakati wa kiangazi.