Skuta Inayozima Ikipata Moto

*Skuta yangu ikienda kilomita chache huishiwa nguvu, kisha huzima. Nikipiga kiki haiwaki hadi ipumzike nusu saa. Fundi amepima moto wa plagi, upo. Sasa anataka kubadilisha pistoni. Nifanyeje? – Msomaji, Unguja*

Ndugu msomaji, usitoe pesa ya pistoni bado. Pistoni iliyochakaa haiponi kwa kupumzika. Kwa kawaida ingekusumbua hata asubuhi, injini ikiwa baridi. Tatizo linalojiondokea hivyo mara nyingi ni petroli isiyofika au moto unaopotea kwa joto. Ikizima tena, fungua mfuniko wa tangi papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba. Kizibue kwa waya mwembamba. Isipowaka, funga tangi, chomoa plagi (usiungue) na uitazame ncha. Ikiwa kavu, safisha chujio na kabureta. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli inafika, basi anza na plagi mpya, ndiyo rahisi kuliko vyote. Na moto aliouona fundi? Huenda aliupima injini ikiwa imepoa, ilhali koili iliyochoka hukata moto ikishapata joto. Mwombe aupime tena pale inapozima. Moto na petroli vikiwepo vyote, ndipo apime mgandamizo wa injini, kabla hajagusa pistoni.