Somo la Mwezi: Nguo Nzuri kwa Bei Nafuu



Sikukuu inakaribia, na katika kila nyumba neno ni lile lile: nguo. Watoto wanahesabu siku, akina mama wanahesabu fedha, na mafundi cherehani hawapokei tena kazi mpya. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni juu ya kununua nguo nzuri kwa bei nafuu, na juu ya kufuata mitindo.

Najua wako watakaouliza, Je, hili nalo ni somo la gazeti la kanisa? Nami nawajibu hivi: mtu anayevaa kila siku hawezi kusema kwamba nguo hazimhusu. Nilifundisha sayansikimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Nimestaafu, lakini siku ya gulio bado naamka mapema kuliko siku nilizokuwa na kipindi cha kwanza. Nakiri mbele yenu kwamba napenda kuchambua mitumba. Sioni haya, na mwisho wa somo nitawaeleza kwa nini niliwahi kuona haya.

1. FASHENI SI JAMBO LA JANA

Sisi wazee hupenda kusema kwamba vijana wa leo wamepotezwa na fasheni. Lakini tukitazama nyuma, twaona kwamba hata mababu zetu walikuwa nazo. Katika karne ya 19 misafara ilibeba majora ya merikani kutoka pwani mpaka bara. Kilikuwa kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, na jina lake latoka huko. Wenye misafara walijifunza upesi kwamba watu wa bara hawakupokea kila kitu. Nguo au shanga zilizogombewa mwaka huu ziliweza kukataliwa mwaka ujao, na aliyefika na rangi iliyopitwa alibaki na mzigo wake.

Kisha, kuelekea mwisho wa karne hiyo, ikaja kanga. Pale Unguja, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, wakavaa kanga za rangi. Hapa tusipite haraka. Kwa mama yule doti mpya haikuwa majivuno tu. Alikuwa anasema bila maneno, "Mimi nami ni mtu." Tukumbuke jambo hili kabla ya kumcheka msichana anayesimama mbele ya kioo.

Tena wenye umri mkubwa kuliko wangu wanaikumbuka Operesheni Vijana. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana zingepigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Basi, je, fasheni ilikufa? Haikufa. Miaka michache tu baadaye zikaja suruali za pekosi, na viatu vya raizoni vilivyomfanya mtu mfupi awe mrefu kwa muda.

Juzi mjukuu wangu alinijia na suruali pana chini. Akaniambia, "Bibi, hii ndiyo mpya." Nilicheka mpaka machozi. Kaka yangu alishona ya namna hiyo mwaka 1975, na baba yetu akaiita fagio la barabara.

Funzo letu la kwanza ni hili: fasheni ni gurudumu. Huzunguka na kurudi. Anayetunza nguo imara na kuwa na subira hupitwa leo, akakutwa kesho.

2. MTUMBA HUTOKA WAPI?

Mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa. Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 twakumbuka jinsi nguo zilivyoadimika. Kwa doti moja ya kanga mtu alipanga foleni tangu alfajiri, na pengine alipofika mlangoni ilikuwa imekwisha. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa katikati ya miaka hiyo, nguo kuukuu kutoka ng'ambo zikaanza kujaa masokoni. Watu wakaziita "kafa Ulaya", yaani mwenyewe amekufa huko, sisi twarithi.

Lakini wengi wa wenye nguo hizo hawakufa. Walizichoka tu. Mtu wa Uingereza, Ujerumani au Marekani hutoa nguo zake kwa shirika la hisani. Shirika huuza baadhi yake katika maduka yake, na zinazobaki huuzwa kwa makampuni kwa kilo. Huko huchambuliwa kwa aina na kwa daraja, zikashindiliwa kwa mashine kuwa marobota, mengi ya kilo 45. Marobota huja kwa meli mpaka Dar es Salaam na Mombasa, ndipo yasambae hadi Karume pale Ilala, Memorial kule Moshi, Gikomba kule Nairobi, na hatimaye katika gulio letu.

Angalieni vema jambo moja. Mfanyabiashara mdogo hulinunua robota likiwa limefungwa. Hajui kilichomo. Akilifungua, pengine atakuta mashati mazuri juu, na katikati kola zilizochakaa na makoti yasiyomfaa mtu wa nchi ya joto. Nguo nzuri chache hapana budi zirudishe fedha ya zile mbovu. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye bei.

Wako wanaosema mitumba imeua viwanda vyetu. Hoja hiyo ina uzito. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wengi wetu tulivaa vitenge vyake. Lakini viwanda vyetu vilidhoofishwa pia na uhaba wa fedha za kigeni, vipuri na umeme. Sababu haikuwa moja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa mitumba kidogo kidogo ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo. Nchi nyingine zililegeza. Kwa hiyo anayenunua mtumba asijione mkosaji, lakini akipata nafasi anunue pia kanga, kitenge au shati lililoshonwa na fundi wa hapa. Cherehani ya jirani nayo yahitaji kula.

3. JINSI YA KUCHAGUA

Wanafunzi wangu niliwafundisha kwamba nguo hununuliwa kwa macho, mikono na pua. Fuateni hatua hizi:

(a) Ielekeze nguo kwenye mwanga. Mahali palipopungua unene pataonekana kabla hapajatoboka. Tazama hasa viwiko, magoti na makalio.

(b) Tazama kwapa na kola. Doa la jasho la miaka mingi halitoki, hata uifue mara saba.

(c) Igeuze ndani nje. Mshono mzuri umenyooka, na kitambaa kimeachwa cha kutosha pembeni, ili fundi aweze kuipanua. Upindo mpana ni akiba ya mtoto anayekua.

(d) Fungua na funga zipu mara tatu. Hesabu vifungo. Kifungo kimoja kilichopotea si neno, bali zipu mbovu ni gharama ya fundi.

(e) Soma kibandiko cha ndani. Pamba hunyonya jasho, na hufaa kwa joto letu. Poliesta haikunjiki upesi, lakini huhifadhi joto na harufu. Kama kibandiko kimekatwa, omba uzi mmoja wa pindoni, uuchome ukifika nyumbani. Wa pamba huwaka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Wa poliesta huyeyuka, ukaganda kama shanga ngumu. Hivyo mara nyingine mkono wako utakuwa umejua.

(f) Usiamini namba peke yake. Namba 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na ni kama 40 kwa nchi nyingi za Ulaya. Nendeni na kamba ya kupimia. Kama hamna, zungusha kiuno cha suruali shingoni mwako. Ncha zikikutana vizuri nyuma, kwa kawaida itakutosha kiunoni.

(g) Viatu vikunje. Soli iliyokaa ghalani muda mrefu huonekana mpya, kisha hupasuka siku ya tatu njiani.

Nguo za ndani msinunue za mitumba. Shirika la Viwango Tanzania limezikataza, na ni kwa ajili ya afya zetu. Nguo nyingine zote zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, zianikwe juani, zipigwe pasi ndani na nje kabla hazijavaliwa.

4. HESABU NA MUUZAJI

Chukueni kalamu. Tuseme blauzi ya pamba ya mtumba ni shilingi 4,000, nawe umeivaa mara 40. Kila mara imekugharimu shilingi 100. Gauni la mtindo wa mwaka huu ni shilingi 40,000, nawe umelivaa mara 4. Kila mara ni shilingi 10,000. Basi ipi ilikuwa ghali?

Lakini msishangilie mapema, wapenzi wa gulio, maana hesabu hii yatuhukumu na sisi. Blauzi tano za shilingi 2,000 kila moja, zilizonunuliwa kwa sababu tu ni rahisi, zikakaa sandukuni bila kuvaliwa, ni shilingi 10,000 zilizotupwa. Rahisi inaweza kuwa ghali. Kabla ya kutoa fedha, jiulize: Nitaivaa na nini? Nitaivaa lini? Ipo nyingine kama hii nyumbani?

Katika kupatana bei, mcheke na mtaniane, ndiyo raha ya soko. Lakini kumbukeni robota lililofungwa. Mtu anayeiponda nguo mpaka muuzaji akate tamaa, kisha akaenda kujisifu kwa jirani, amekwisha semwa zamani katika Mithali 20:14. Mama anayeuza naye ana karo ya kulipa.

5. MAHALI TUNAPOKOSEA

Sasa nilipe deni langu. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika chuo kilichokuwa nyanda za juu, ambako baridi ya Julai huuma. Asubuhi moja mwanafunzi mmoja aliingia darasani amevaa koti kubwa la sufu, rangi ya kijivu, lililomzidi mabega. Mimi, niliyekuwa nafundisha habari za mavazi yanayofaa, nikamwambia mbele ya wote, "Leo tumetembelewa na marehemu wa Ulaya." Darasa zima likacheka. Yeye hakusema neno. Alilivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya dawati, akakaa na baridi yake mpaka kengele.

Hakulivaa tena. Muda wote wa baridi nilimwona akitetemeka kwenye ibada ya asubuhi. Baadaye matroni akaniambia kwamba baba yake aliuza mbuzi ili alinunue koti lile. Nilikusudia kumwomba radhi. Nikaahirisha leo, nikaahirisha kesho, mpaka wakamaliza masomo, wakatawanyika. Tangu hapo kila nigusapo koti la sufu sokoni hukumbuka. Nilijua kusoma kibandiko cha nguo, lakini sikujua kumsoma mtu aliyeivaa.

Mwaka jana nikakosa tena, safari hii pamoja na wengine. Nilikuwa katika kamati iliyochagua kitenge cha sare kwa ajili ya sherehe yetu. Kilikuwa kizuri, na mishono ilipendeza mno. Tuliokivaa tulijaa viti vya mbele. Mwenzetu mmoja, mjane, alikopa katika kikoba ili akipate; fedha ya fundi ikamshinda, naye siku ile akabaki nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Kitenge ndicho kilichomfukuza, nacho tulikichagua sisi.

Ndugu zangu, kupenda nguo nzuri si kosa. Dorkasi alizishona, na wajane wakalia wakizionyesha. Kosa huanza pale nguo inapokuwa mlango, wengine wakaingia na wengine wakabaki nje. Nashauri mambo mawili kwa sikukuu hii. Kwanza, sare iwe rangi moja tu, kila mtu avae aliyo nayo, iwe mpya au ya mtumba au ya miaka kumi. Pili, kila mwenye sanduku lililojaa alete nguo mbili safi, zilizopigwa pasi, vifungo vimekamilika. Tusilete tusizoweza kuvaa wenyewe. Mimi naleta koti la sufu la kijivu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja mtindo mmoja uliokatazwa au kuchekwa ulipokuwa kijana, ambao leo umerudi.
2. Kwa nini muuzaji wa mitumba hawezi kuuza kila nguo kwa bei ya chini?
3. Chukua nguo moja uliyonunua mwaka huu. Fanya hesabu ya gharama yake kwa kila mara uliyoivaa.
4. Soma Yakobo 2:1-4 na Matendo 9:36-42. Je, katika parishi yetu yuko anayekaa nyumbani kwa sababu ya nguo? Nani atakwenda kwake, na lini?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu.