Kiti cha Mama Barazani



Katika somo hili tutazame jambo linalosemwa sana redioni, lakini ambalo sisi wa Mbulu na Hanang hatulipimi hapa nyumbani: usawa wa wanawake na wanaume katika demokrasia yetu. Demokrasia hii ya vyama vingi ni changa. Vyama viliruhusiwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995. Mtoto aliyezaliwa siku zile sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Basi yafaa tuulize: katika muda huo, mama amefika wapi?

1. Tuliyoyapata

Tusiwe watu wasio na shukrani. Katiba yetu inataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Mwaka 2010 Bunge lilimchagua Mama Anne Makinda kuwa Spika, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Tarehe 19 Machi 2021 Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Na hapa kwetu Dk. Mary Nagu alikuwa Mbunge wa Jimbo la Hanang, akichaguliwa kwa kura za wanaume na wanawake pamoja, wala si kwa kiti maalum.

Vijijini nako sheria imefika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima haki hiyo ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Katika Halmashauri ya Kijiji, wanawake wasipungue robo ya wajumbe.

2. Kuhudhuria si kufaulu

Nimefundisha miaka mingi, mwisho katika chuo cha ualimu. Kila asubuhi niliita majina, na aliyekuwepo alitiwa alama ya kuhudhuria. Lakini alama hiyo haikumfaulisha mtu mtihani. Nachelea kwamba katika usawa tumekuwa tukihesabu mahudhurio tu.

Nenda kwenye mkutano wa kijiji uangalie. Wanaume wako kwenye mabenchi, akina mama wametandika kanga nyuma, majanini. Mwenyekiti anauliza, "Akina mama mnasemaje?" Wanajibu, "Tumekubali." Mkutano unaendelea. Jioni ile ile, kisimani, mama hao hao wanaueleza mgogoro wa mpaka kwa ufasaha kuliko wote waliosema mchana, kwa kuwa ndio wanaolima pale. Elimu ile inabaki kisimani. Baraza linaamua bila kuisikia.

3. Je, sauti ya mama ni jambo la kigeni?

Wako wanaosema kwamba usawa huu umeletwa na wageni. Wazee wa Hanang wanajua zaidi. Ndugu zetu Wabarabaig tangu zamani walikuwa na baraza la wanawake peke yao. Mwanamume aliyevunja heshima ya wanawake alihukumiwa na baraza hilo, akatozwa faini ya ng'ombe. Aliyekataa kulipa aliogopa laana yao, na wanaume wenzake hawakumtetea. Tena binti aliyeolewa alipewa ng'ombe na baba yake aende nao kwa mumewe. Kwa hiyo mama kusema na kusikilizwa si jambo la kigeni katika nchi hii. Jipya ni kwamba sasa mali kubwa ni shamba, na shamba tumeliandika kwa majina ya wanaume.

4. Mtihani wenyewe ni shamba

Huko Bukoba, Bi. Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, naye akaliuza. Ndugu wa ukoo wakamshtaki, kwa sababu mila ya urithi, kama ilivyoandikwa na Serikali mwaka 1963, ilimruhusu binti kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana uwezo ule ule wa kuuza alio nao mwanamume.

Hukumu hiyo naijua kwa sababu niliifundisha darasani. Lakini baba yetu alipofariki, sisi wana wa kiume tulikaa chini ya mti tukagawana shamba. Dada zetu wawili, waliolilima tangu utoto, walikuwa jikoni wakiwapikia wageni wa matanga. Hakuna aliyewaita. Nami, mwalimu wa uraia, nilinyamaza, kwa kuwa kunyamaza kulinipa ekari tatu zaidi.

Miaka michache iliyopita nilimwendea dada yangu mdogo. Nikamrudishia sehemu, tukaandikisha hati ya kimila kwa jina lake. Ndugu yangu mmoja hajaingia kwangu tangu siku ile. Dada mkubwa alikuwa ameshafariki, akiwa amepanga chumba mjini. Kwake sikuwahi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nikitoa alama nasema hivi: kwa sheria tumefaulu vizuri, kwa viti tumejitahidi, kwa sauti na kwa shamba tungali nyuma. Na mtihani huu Rais hawezi kutufanyia. Unafanyika chini ya mti, siku ya tatu ya matanga, baba akiwa kaburini na dada zetu wakiwa jikoni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Wataje wanawake walio katika Baraza la Ardhi la kijiji chako. Kama huwajui, kwa nini?
2. Hati ya shamba lenu ina jina la nani? Mama akifiwa leo, kesho atalima wapi?
3. Someni Hesabu 27, habari za binti watano wa Selofehadi. Waliomba nini, na walikwenda kusema mbele ya nani?
4. Akina baba: ni lini mara ya mwisho ulibadili shauri lako barazani kwa sababu ya neno la mwanamke?