Toleo la 11 Litatoka Lini?

Swali: Seva za ofisi yetu zinaendeshwa na Red Hat Enterprise Linux 8. Je, tusubiri toleo la 11 ndipo tuhame? Na litatoka lini?

Jibu: Kadirieni Mei 2028. Toleo la 8 lilitoka Mei 2019, la 9 Mei 2022 na la 10 Mei 2025, na kila mara toleo la majaribio lilitangulia katika Novemba ya mwaka uliopita. Kwa hiyo dalili ya kutazamia ni Novemba 2027. Kabla ya hapo, maneno ya wauza leseni yapokeeni kwa tahadhari. Yupo atakayepinga kwamba kutoka toleo la 7, Juni 2014, hadi la 8 ilipita karibu miaka mitano. Ni kweli, ila mwendo wa miaka mitatu ulitangazwa na kampuni yenyewe mwaka 2019, na matoleo mawili yaliyofuata yameutii.

Kusubiri ndiko nisikokubali. Matengenezo ya kawaida ya toleo la 8 yanakoma Mei 2029, hivyo mtabakiwa na mwaka mmoja tu. Ndani yake watengenezaji wa hifadhidata na programu za uhasibu wawe wamelithibitisha toleo jipya (na haraka hawana), nanyi mlijaribu, kisha mhame. Mtasema kuhama sasa ni kufanya kazi mara mbili. Lakini Leapp, chombo cha kupandisha toleo bila kusimika upya, hupanda ngazi moja moja: 8 hadi 9, 9 hadi 10. Nendeni la 9, ambalo matengenezo yake yanafika Mei 2032.