Yai na Banda la Kuku

Akina mama wengi hulikataa yai la kuku wa kisasa kwa kuwa kiini chake kimepauka. Rangi hiyo hutokana na chakula tu. Kuku anayedonoa majani mabichi au mahindi ya njano hutaga yai lenye kiini kilichokolea. Anayelishwa mahindi meupe, la. Protini, yapata gramu 6 kwa yai, haitofautiani sana. Faida ya kweli ya kuku anayetembea nje ni jua: humpatia vitamini D, nayo huingia katika kiini.

La kuogopa zaidi ni uchafu. Ganda lina vitundu maelfu, na kinyesi kikigandamana nalo, hasa penye unyevu, vijidudu hupenya. Badilisheni nyasi za kiota, okoteni mayai kila siku, wala msiyaoshe kwa maji baridi, maana huvuta vijidudu ndani. Hata yai safi laweza kuwa na salmonela. Watoto na mama wajawazito wapewe lililoiva mpaka kiini kigande.

Na kuku akipewa dawa? Muulizeni bwana mifugo siku za kungoja. Mayai ya siku hizo yasiliwe, wala asiuziwe jirani.